Kutoka Dede hadi Dawati

Kiswahili kina neno ambalo kazi yake ni kumsindikiza mtoto anayejaribu kusimama: dede. Mtoto ameshika ukingo wa kiti, magoti yanatetemeka, kisha anaachia mikono. Nyumba nzima inaacha ilichokuwa inafanya. "Dede! Dede!" Bibi anapiga makofi, dada anachuchumaa mbele yake na kunyoosha mikono, mtoto anayumba, anacheka, anaketi chini kwa kishindo. Anainuliwa, anarudia. Siku chache baadaye anakwenda tata, hatua mbili, tatu, na kuanguka tena. Hakuna anayemwambia atulie, wala hakuna anayempa alama.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu jioni moja mpwa wangu wa darasa la tatu aliponiletea daftari lake la michezo. "Mjomba, nisaidie hili." Swali alikuwa amelinakili ubaoni, mwandiko safi: Taja aina tatu za kuruka. Nikamuuliza kama mwalimu aliwatoa nje wakaruka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Tunaandika tu, mjomba. Nje wanatoka wa mashindano, na mimi sikuchaguliwa."

Simlaumu mwalimu wake, na nitasema kwa nini. Ninachotaka kusema kwanza ni kwamba kati ya ile dede na lile daftari kuna miaka saba hivi, na humo njiani, bila kikao wala tangazo, tumeacha kuamini kwamba mwendo ni kitu kinachofundishwa. Kusoma tunafundisha. Kuhesabu tunafundisha. Kuruka, kudaka, kupinduka, kusimama kwa mguu mmoja na kujizuia usianguke, hayo tumemwachia Mungu na vipaji.

Wazee wetu hawakuwa hivyo, na katika ukanda huu huu ndipo jambo hilo lilipothibitishwa. Katikati ya miaka ya 1950 daktari mmoja Mfaransa, Marcelle Geber, alipima watoto wachanga mjini Kampala akakuta wanawatangulia wa Ulaya katika kushika shingo, kukaa na kusimama. Habari ilienea, na wengi wakakimbilia maelezo ya damu na rangi: Mwafrika huzaliwa hivyo. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Charles Super, akaenda kuishi Kokwet, katika jamii ya Wakipsigis kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, na badala ya kupima watoto tu akawatazama mama zao. Akakuta mama anachimba kishimo kifupi ardhini, anamkalisha mtoto ndani yake, anamwekea nguo mgongoni asidondoke, na anarudia hivyo siku baada ya siku mpaka mtoto akae mwenyewe. Katika lugha yao walikuwa na neno la kumfundisha mtoto kukaa, na jingine la kumfundisha kutembea. Ilikuwa mitaala, ingawa haikuwa na daftari.

Utamu wa utafiti huo uko kwenye kutambaa. Watoto wa Kokwet walikaa mapema, wakatembea mapema, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao wa Marekani. Sababu? Kutambaa hakuna aliyewafundisha. Mambo yaliyofundishwa yalikuja mapema, yaliyoachwa yakaja kwa wakati wake. Tofauti ilikuwa kwenye kishimo, si kwenye damu.

Pwani tuna mito badala ya kishimo, na tuna mikono ya bibi inayomkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, ikimkunja na kumkunjua kila asubuhi huku mtoto akilia kana kwamba anaonewa. Sijui ni bibi gani angekubali kwamba ile ni elimu. Angesema anamnyoosha mtoto tu.

Hapa pana jambo dogo linalonichekesha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano, na humo likasema mtoto mchanga asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na katika kutaja vifungo hivyo likataja kigari, kiti, na mgongo wa mlezi. Mbeleko yetu nayo imo kwenye orodha! Mama anayepalilia mahindi na mtoto mgongoni hana saa ya kupima vipindi. Na mimi naona mtoto wa mbeleko si mzigo: mama akiinama, lazima naye ashike shingo, mama akikimbilia mvua, anaonja kukimbia. Ila mwongozo una haki katika hoja yake kuu. Mtoto hajifunzi mwendo kwa kubebwa, anajifunza kwa kujibeba.

Kuna jaribio la zamani, la mwaka 1963, ambalo Richard Held na Alan Hein walilifanya na vitoto vya paka nchini Marekani. Walivilea gizani, kisha kila siku wakaviweka kwa saa chache viwili viwili ndani ya pipa lenye mistari. Kimoja kilitembea kikizunguka. Cha pili kilikuwa kwenye kikapu kilichofungwa kwa wenzo kwa mwenzake, kikivutwa na hatua za yule wa kwanza. Vilichokiona kwa macho kilikuwa kilekile. Baadaye, kila kimoja kiliposhushwa taratibu kuelekea meza, yule mtembeaji alitoa miguu ya mbele kuipokea meza, na yule wa kikapuni hakutoa. Macho yake hayakuwa na kasoro, lakini yalikuwa hayajafunzwa na miguu. Kila nikipita shule ya awali iliyojaa viti vya plastiki vya rangi, watoto wa miaka mitatu wametulia wakitazama ubao au televisheni, namkumbuka yule paka wa kikapuni.

Nilitembelea shule moja ya namna hiyo kumtafutia nafasi mtoto wa rafiki. Kuta zimechorwa simba na twiga, na kuna bembea moja iliyofungwa mnyororo, nadhani isichakae. Mkuu wa shule alinionyesha kwa fahari madaftari ya watoto wa miaka mitatu na nusu: kurasa kwa kurasa za herufi a, zimekwaruzwa kwa penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. "Wazazi wanataka waone maandishi," alisema, na alikuwa mkweli. Mzazi akilipa ada anataka kuona kitu kwenye daftari. Kupanda ngazi huku miguu ikipokezana hakuonekani kwenye daftari.

Lakini tuutazame mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mingi kati ya hiyo bado ni gegedu, haijawa mfupa. Mkono huo hauombi penseli, unaomba udongo wa kufinyanga, karanga za kumenya, mchele wa kuchambua, shanga za kutunga, maji ya kumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Wasichana wa visiwani waliokaa barazani wakasuka ukili pembeni ya mama zao walikuwa wanaandaa vidole vya kuandikia bila kujua. Na kabla ya vidole kuna bega, na kabla ya bega kuna kiwiliwili. Mtoto asiyeweza kukaa wima kwa nguvu za mgongo wake ataegemea dawati kwa mkono uleule anaotakiwa kuandikia, kisha ataambiwa ana mwandiko mbaya.

Nikija kwenye hesabu, nitautetea mdako mpaka kesho. Wasioujua, au walioukalia mbali kwa sababu waliambiwa ni mchezo wa wasichana, niwaeleze: kunachimbwa kishimo kidogo, kinajazwa vijiwe. Mchezaji anarusha kijiwe kimoja juu. Kabla hakijarudi, mkono uleule unavikokota vijiwe vyote nje ya shimo na kuwahi kukidaka kile cha juu. Anarusha tena, na sasa lazima avirudishe vyote shimoni isipokuwa kimoja, ambacho ni chake. Akimaliza kwa mojamoja, anakuja kwa mbilimbili, kisha tatutatu. Hebu hesabu kazi zinazofanyika ndani ya ile nusu sekunde. Jicho linafuata kijiwe kilichoko hewani. Vidole vinatenganisha viwili kutoka kwenye kundi bila kutazamwa. Akili inajua vimebaki vingapi, kama vinagawanyika kwa mbili, na kama kimoja kitazidi. Wala huwezi kudanganya, maana wenzako wamechuchumaa wakikuhesabia. Mtoto wa miaka minane aliyefika tatutatu amegawa kwa tatu mara nyingi kuliko atakavyogawa kwenye daftari muhula mzima, na mwili wake unajua baki ni nini.

Rede nayo ina yake. Uko katikati, huku na huku wenzio wanakulenga kwa mpira wa soksi, na wewe unatakiwa kujaza mchanga kwenye chupa huku ukikwepa. Lazima ukadirie mpira uko wapi, utarudi lini, na una muda wa makonzi mangapi. Wanasaikolojia wana majina marefu ya uwezo huo wa kushika lengo moja akilini huku ukijizuia na kitu kingine. Watoto wa uswahilini waliuita kutokuwa "mzembe". Kenya wanacheza kati, na blada, na mambo ni yaleyale.

Karen Adolph wa New York aliwahi kukaa na timu yake kuhesabu hatua za watoto wa mwaka mmoja na kitu, wale wanaoanza kutembea, wakiachwa wacheze watakavyo. Wastani ulikuwa hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17 kwa saa hiyohiyo. Mara 17! Nani darasani kwetu anaruhusiwa kukosea mara 17 kwa saa bila kuchekwa, kuchapwa au kupewa sifuri nyekundu? Mtafiti huyohuyo alionyesha jambo jingine lililonishangaza zaidi. Mtoto mzoefu wa kutambaa akifikishwa kwenye mteremko mkali husita na kukataa. Mwezi mmoja baadaye, akiwa ameanza kutembea, mtoto huyohuyo huelekea kwenye mteremko uleule na kwenda nao mzima mzima, mpaka adakwe. Somo alilolipata kwa magoti halikuhamia miguuni. Ilibidi ajifunze upya.

Matokeo haya ndiyo yanayovunja jibu ninalolisikia kila nikilianzisha suala hili. Jibu lenyewe: "Watoto wetu wanatembea kilomita kwenda shule, wanachota maji, wanakata kuni. Mwendo gani tena unaowatakia?" Ni kweli wanatembea, na mapafu yao yanashukuru. Lakini kubeba ndoo ileile kwenye njia ileile mara elfu kunafundisha kubeba ndoo. Hakumfundishi mtoto kudaka, kurusha, kuviringika, kugeuka ghafla na kusimama. Tena mizigo hiyo haigawanywi sawa: kaka anamaliza kupeleka mbuzi na kwenda uwanjani, dada anatoka kisimani na kuingia jikoni. Na huyo ni mtoto wa kijijini. Wa mjini anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anapandishwa basi la shule akiwa na usingizi, anakaa darasani, anarudi kwenye tuisheni, anakaa tena, na akifika nyumbani geti linafungwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka pumzi ipande. Kwa huyu wa basi, sijui dakika hizo zitatoka wapi.

Kwenye karatasi mambo si mabaya. Tanzania tulikuwa na somo la Haiba na Michezo, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unazo sanaa na michezo. Kenya, mtaala wa umilisi ulipoanza kuenea shuleni mwaka 2019, madarasa ya chini yalipewa somo lililobeba mwendo na ubunifu katika jina lake. Tatizo ni kile kinachotokea kipindi hicho kikifika saa sita mchana. Kinachukuliwa na hesabu kwa sababu mtihani wa darasa la nne unakaribia. Kinageuzwa kuwa usafi. Au kinafanyiwa darasani, kama kwa mpwa wangu, kwa sababu mwalimu ana watoto mia moja na zaidi, mpira mmoja uliotoboka, na uwanja ambao upande mmoja umemegwa kujengwa fremu za maduka. Ndiyo maana nimesema simlaumu. Yeye mwenyewe pengine alisoma chuo ambako michezo ilifundishwa kwa kuandikwa.

Halafu tumedhani mashindano ni elimu. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, ni jambo jema, imetoa wachezaji, nami nimeishangilia. Lakini mashindano hufanya kazi ya chujio. Yanatafuta kumi na mmoja na kuwaacha mia nne themanini na tisa wakae pembeni ya uwanja wakishangilia. Fikiria tungefundisha kusoma kwa njia hiyo: tuwachague wasomaji hodari, tuwape vitabu na jezi, na wengine tuwaketishe chini ya mwembe wawapigie makofi.

Baya zaidi ni kwamba mwendo tumeufanya adhabu. Mtoto akichelewa, anaruka kichurachura. Akiongea darasani, anazunguka uwanja. Akikosea, anapiga magoti. Mchakamchaka wa alfajiri, ambao kizazi changu kiliukimbia huku kikiimba na kutifua vumbi, katika shule nyingi umekufa, lakini kichurachura kipo hai na afya njema. Mtoto anajifunza upesi: kukaa ni tabia njema, kuruka ni kosa. Kisha tunashangaa mtu mzima wa miaka arobaini akiambiwa na daktari atembee nusu saa kwa siku anaona amehukumiwa.

Mzazi ataniambia, sawa, lakini muda huo utatoka kwenye hesabu. Mwaka 1970 huko Quebec, Kanada, katika shule za Trois-Rivières na Pont-Rouge, walifanya jambo ambalo wizara nyingi zingeliogopa. Waliwapa watoto wa shule ya msingi saa nzima ya elimu ya mwili kila siku, chini ya mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kwa kukata muda wa masomo mengine. Walihusisha wanafunzi 546 na kuwafuatilia kwa miaka. Wale waliopunguziwa masomo hawakubaki nyuma, na kwa ujumla alama zao zilikuwa bora kidogo kuliko za wenzao waliokaa. Mwaka 2009 Charles Hillman na wenzake wa Illinois walipima watoto 20 baada ya kutembea dakika 20 tu, na wakati mwingine baada ya kupumzika wamekaa. Baada ya kutembea, umakini ulikuwa bora, na ufahamu wa kusoma pia.

Nisieleweke vibaya, watoto 20 ni wachache, na sijasema kuruka kamba kutamfanya mtoto awe daktari. Kuna wafanyabiashara wa elimu wanaouza mazoezi ya kupishanisha mikono na magoti kwa ahadi ya kuunganisha pande mbili za ubongo, Brain Gym ni mmojawapo maarufu, na sayansi haijawaunga mkono. Mtoto akivuka mikono anajifunza kuvuka mikono. Hoja yangu ni ya kawaida kuliko hiyo: mwendo wenyewe ni elimu, una hatua zake, na mtoto aliyefundishwa huja darasani na mgongo unaokaa, jicho linalofuata mstari, mkono unaotii, na mazoea ya kuanguka na kurudia.

Na tusiseme hatuwezi. Kila penye sherehe kubwa ya taifa tunaona halaiki. Mamia ya watoto, wengi wao si wanamichezo, wanageuka kwa pamoja, wanapanda mabegani, wanachora maneno uwanjani kwa miili yao. Walimu wa kawaida wamewafundisha kwa wiki kadhaa, kwa filimbi na subira, yule mzito na yule mwepesi pamoja, na hakuna aliyetolewa kwa sababu hakuchaguliwa. Ule ni ufundi kamili wa kufundisha mwendo, tunao, na tunautumia mbele ya wageni rasmi. Siku ya pili yake watoto wanarudi kukaa. Mwalimu yuleyule angeweza kuchora miraba kwenye vumbi na kuwafundisha darasa la kwanza silabi kwa kuruka, ba-be-bi, kila mruko na sauti yake. Angeweza kuwapa dakika kumi za kusimama kwa mguu mmoja kabla ya hesabu. Vumbi halinunuliwi. Anachohitaji ni mkaguzi ambaye akifika na kukuta darasa liko nje, hatauliza kwa nini hawasomi.

Jioni ile tulitoka nje, mimi na mpwa wangu, tukachora mstari kibarazani kwa kipande cha mkaa. Nikamwambia anionyeshe kuruka juu. Akaruka. Nikamwambia aruke mbali, atue kwa miguu miwili na asiguse chini kwa mikono. Akatua kwa mikono. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akatua kwa goti. Watoto wa jirani wawili wakaja, kisha wa tatu na mdogo wake anayekwenda tata, na kila mtu akawa na maoni yake kuhusu namna ya kutua. Mara ya saba au ya nane, nilishapoteza hesabu, alitua akasimama, mikono hewani, akiyumba.

"Dede!" akapiga kelele yule mtoto wa jirani, wakacheka wote.

Swali la daftarini tulilijibu usiku. Aliandika kuruka juu, kuruka mbali, kuruka kamba. Kisha akauma kalamu kidogo, akaongeza ya nne ambayo mwalimu hakuiomba: kuruka na kuanguka.